Mfupa Mkavu ni Shahidi

Kila mwaka moto wa nyasi ukiisha kupita na majivu yakitulia, mtu apitaye porini huona vitu ambavyo majani marefu yalikuwa yamevificha. Hapa fuvu la swala, pale taya la nguruwe wa mwitu, mbele kidogo pingili za mgongo wa mnyama asiyejulikana. Watu wengi huzisukuma kwa mguu na kwenda zao. Lakini katika nchi nyingi wapo watu ambao huinama, huugeuza mfupa, huutazama, kisha huuchukua nyumbani, huusafisha na kuuweka mahali pa heshima. Hawauuzi. Ni kazi yao ya saa za mapumziko, kama vile mwingine anavyokusanya stempu za barua au makombe ya pwani.

Je, ni mchezo wa watoto tu? Wengi hudhani hivyo. Wengine huenda mbali zaidi, wakasema kwamba mtu awekaye mifupa nyumbani hana akili timamu, au ana shughuli za usiku. Leo tutaiuliza historia itujibu. Nayo itatuambia jambo hili: mfupa mkavu ni shahidi. Husema kweli pale ngozi inapodanganya na pale masimulizi yanapogongana. Ila shahidi huyo ana masharti mawili. Lazima asafishwe vizuri, na lazima ajulikane ametoka wapi.

Hatuna haja ya kutafuta mifano mbali. Nchi ya Kongo yenyewe imetoa miwili iliyo mikubwa kuliko mingi duniani.

Ngozi ilidanganya, fuvu likasema kweli

Watu wa msitu wa Ituri wamemjua okapi tangu zamani za kale. Wambuti walimtega katika mashimo na kula nyama yake. Stanley alipopita katika msitu ule alisikia habari za mnyama anayefanana na punda, akaziandika katika kitabu chake mwaka wa 1890. Huko Ulaya wataalamu walishangaa, kwa maana punda hakai katika msitu mzito.

Mwingereza mmoja, Harry Johnston, aliyekuwa na madaraka makubwa katika Uganda, hakuyasahau maneno hayo. Mwaka wa 1900 alikutana na kundi la Wambuti ambao Mjerumani mmoja alikuwa amewachukua kwa hila ili awaonyeshe kwa malipo katika maonyesho makubwa ya Paris. Johnston aliwaokoa, akawarudisha Kongo kwao. Njiani aliwauliza juu ya mnyama yule. Wakamjibu bila kusita: tunamjua, miguu yake ina mistari kama punda milia, na jina lake ni o'api.

Johnston alipofika Kongo, aliona askari waliovaa mikanda iliyokatwa katika ngozi ya mnyama huyo. Mikanda ilikuwa na mistari myeupe na myeusi. Alipewa vipande viwili, akavipeleka London. Wataalamu wakaviona, wakasema: hakika huyu ni punda milia wa namna mpya. Wakampa jina la kitaalamu la ukoo wa farasi, yaani Equus johnstoni.

Angalia sasa, msomaji, jinsi mtu anavyoweza kupofushwa na wazo alilokwisha kulishika. Huko msituni waongozi walimwonyesha Johnston nyayo za mnyama yule. Nyayo zilikuwa za kwato mbili, kama za ng'ombe au mbuzi. Farasi, punda na punda milia wana ukwato mmoja tu kwa kila mguu. Johnston akakataa kuamini. Alidhani waongozi wanamwonyesha nyayo za mnyama mwingine, naye akaendelea kutafuta punda. Lakini wawindaji walikuwa wamesema kweli. Aliyekosea ni yule aliyeshika kipande cha ngozi.

Baadaye afisa mmoja Msweden aliyetumika Kongo, Karl Eriksson, alipata ngozi nzima na mafuvu mawili, akampelekea Johnston. Mwaka wa 1901 vitu hivyo vilifika London. Hapo mambo yote yakageuka.

Ukitaka kuelewa kwa nini, shika fuvu la mbuzi. Tazama sehemu ya mbele ya taya la juu. Hakuna meno! Mbuzi, ng'ombe, nyati na karibu wenzao wote wanaocheua wana meno ya mbele chini tu. Juu wana ufizi mgumu. Lakini punda, farasi na punda milia wana meno ya mbele juu na chini. Basi kipande cha ngozi kinaweza kubishaniwa mwaka mzima, bali fuvu moja humaliza ubishi kwa dakika moja. Mnyama wa Ituri hakuwa punda hata kidogo. Tena katika taya lake la chini kulikuwa na alama nyingine: jino la chonge ambalo kichwa chake kimegawanyika sehemu mbili. Katika wanyama walio hai leo, jino la namna hiyo hupatikana katika ukoo wa twiga. Kumbe ndugu wa karibu wa okapi ni twiga, yule mrefu wa mbugani!

Mtaalamu Ray Lankester akabadilisha jina mwaka ule ule wa 1901, akamwita Okapia johnstoni. Jina hilo ndilo linalotumika hata leo. Tunaona kwamba jina la kwanza lilitoka katika rangi ya ngozi, nalo halikudumu. Jina la pili lilitoka katika mifupa, nalo limedumu.

Kichwa kidogo kilichodhaniwa cha mtoto

Mfano wa pili unatupeleka Tervuren, karibu na mji wa Bruxelles, mahali palipo na nyumba kubwa ya makumbusho ya Afrika. Wakati wa utawala wa Wabelgiji vitu vingi sana vya Kongo vilipelekwa huko. Kati yake kulikuwa na mafuvu ya sokwe, yamepangwa katika visanduku, kila moja na karatasi yake.

Mwaka wa 1928 kijana mmoja Mmarekani, Harold Coolidge, alikuwa akipima mafuvu hayo. Yeye mwenyewe alisimulia miaka mingi baadaye kwamba alishika fuvu moja dogo. Kwa ukubwa wake mtu yeyote angesema ni la sokwe mtoto. Lakini alipolitazama vizuri alishangaa. Unajua, msomaji, kwamba kichwa cha mnyama mchanga hakikuumbwa kwa mfupa mmoja. Ni vipande vingi vilivyokutana, na mahali vinapokutana pana mishono, kama mishono ya nguo. Mnyama akikua, mishono hiyo hufungwa polepole, na vipande hushikana. Katika fuvu lile vipande vilikuwa vimekwisha kushikana. Halikuwa la mtoto. Lilikuwa la mnyama mzima mwenye kichwa kidogo.

Coolidge akasoma karatasi. Ilionyesha kwamba fuvu lilitoka kusini ya mto Kongo. Basi neno hilo moja, kusini, lilikuwa na thamani kuliko fuvu lenyewe. Sokwe wa kawaida hukaa upande wa kaskazini wa mto. Mto ni mpana, na sokwe hawajui kuogelea. Kumbe kusini yake kulikuwa na sokwe wa namna nyingine, mwenye umbo jembamba zaidi na kichwa kidogo.

Mjerumani Ernst Schwarz ndiye aliyewahi kuandika habari hizo, mwaka wa 1929, kwa kutazama vitu vya Tervuren vile vile. Yeye alidhani ni tawi tu la sokwe wa kawaida. Mwaka wa 1933 Coolidge akachapisha uchunguzi wake mrefu wa mifupa, akaonyesha kwamba ni mnyama wa namna yake mwenyewe, Pan paniscus. Siku hizi dunia nzima humwita bonobo. Hapatikani porini mahali pengine popote duniani isipokuwa katika nchi ya Kongo.

Wakazi wa misitu ile walikuwa wakimjua bonobo tangu mababu; hawakungoja kuambiwa na Tervuren. Lakini bila fuvu na bila karatasi yake, dunia ingaliendelea kusema kwamba sokwe wote ni mamoja. Na kitu kisichojulikana hakilindwi. Mbuga ya Salonga, iliyoanzishwa mwaka wa 1970, na hifadhi ya okapi katika Ituri, iliyoanzishwa mwaka wa 1992, zinalinda wanyama ambao mifupa yao ilisema kwanza.

Binti wa fundi seremala

Labda utasema: hao wote walikuwa watu wenye elimu na vyeo, sisi tutawezaje? Basi sikia habari za msichana mmoja maskini wa Uingereza, Mary Anning.

Alizaliwa mwaka wa 1799 katika mji mdogo wa Lyme Regis, kando ya bahari. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza vyombo vya mbao. Siku za mapumziko baba aliwachukua watoto chini ya majabali ya pwani, wakaokota makombe na mifupa iliyogeuka mawe. Mvua na mawimbi hula majabali hayo kila mwaka, na kila yanapobomoka vitu vya zamani sana huanguka nje. Baba alikufa mwaka wa 1810 akaacha madeni. Mchezo wa kuokota ukawa njia ya kupata mkate, maana wageni walinunua vitu hivyo.

Mwaka wa 1811 kaka yake Joseph aliona fuvu kubwa lenye meno mengi. Mwaka uliofuata Mary, aliyekuwa na miaka 12 hivi, akapata mwili uliobaki. Alikuwa mnyama wa baharini mwenye umbo kama la samaki, naye alikuwa mtambaazi; wataalamu walimwita iktiosauri. Mwaka wa 1823 Mary alichimbua mifupa ya mnyama mwingine, plesiosauri, mwenye shingo ndefu ajabu. Mfaransa Georges Cuvier, aliyekuwa mkuu wa wajuzi wote wa mifupa, alitia shaka kwanza, kwa sababu shingo ile ilikuwa na pingili nyingi mno. Wataalamu wakachunguza tena, wakaona mifupa ni ya kweli. Cuvier akakubali.

Mary hakusoma shule kubwa. Alijifundisha mwenyewe. Alipasua samaki na ngisi wa siku zake ili aone jinsi viungo vyao vinavyokaa, apate kuielewa mifupa ya zamani. Alisafisha kila mfupa polepole kwa vyombo vidogo, akautoa ndani ya jiwe bila kuuvunja. Kazi yake ilikuwa ya hatari: mwaka wa 1833 jabali lilianguka karibu naye, likamwua mbwa wake. Alikufa mwaka wa 1847. Chama cha wajiolojia cha London hakikupokea wanawake siku zile, na mara nyingi mabwana waliandika habari za mifupa yake bila kumtaja. Lakini leo mifupa aliyoitoa ingaliko London, na jina lake linajulikana kuliko majina ya wengi wa mabwana hao.

Mahali ni nusu ya mfupa

Turudi nyumbani. Katika Kivu ya Kaskazini, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, pana mahali paitwapo Ishango. Mwaka wa 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin, mjuzi wa udongo na mawe, alichimba pale, akakuta vyombo vingi vya wavuvi wa zamani: mikuki ya mifupa yenye meno, na mawe yaliyochongwa. Tena akakuta mfupa mmoja mdogo wa mnyama, urefu wake kama sentimeta 10, umechanjwa chale nyingi katika safu tatu, na kichwani umetiwa kipande cha jiwe la kwatsi.

Ukihesabu chale za safu mbili za pembeni, kila safu ina 60. Safu ya katikati ina 48. Wengine husema ni hesabu, wengine husema ni kalenda ya mwezi, na ubishi haujakwisha. Lakini hapa tunataka kutazama jambo lingine. Kwanza mfupa ule ulikadiriwa kuwa na miaka michache kuliko ile inayokubaliwa siku hizi. Utafiti wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba una miaka kama 20,000. Waliwezaje kusahihisha, wakati mfupa ulikuwa umekwisha kukaa Bruxelles miaka mingi? Waliweza kwa sababu de Heinzelin alikuwa ameandika ulitoka katika tabaka gani la udongo. Wenzake wa baadaye walipima vitu vya tabaka lile lile. Kama angaliuchukua tu na kuutia mfukoni, leo ungekuwa kijiti kizuri kisicho na umri.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ilisemwa juu ya biashara, lakini inafaa kabisa juu ya mifupa.

Jinsi ya kusafisha

Sasa tuje kwenye kazi ya mikono. Kwanza ujue mfupa ni kitu gani. Una vitu viwili vilivyochanganyika: chumvichumvi ngumu kama chokaa, ambayo ni theluthi mbili hivi ya uzito wake, na nyuzi laini zinazoushikamanisha. Unaweza kujionea mwenyewe. Tia mfupa wa kuku katika siki siku kadhaa: siki hula ile chokaa, na mfupa hupindika kama mpira. Choma mwingine katika moto: moto hula nyuzi, na mfupa hubaki mweupe lakini huvunjika kama chaki. Basi kusafisha mfupa ni kuondoa nyama na mafuta bila kudhuru chokaa wala nyuzi.

Kwa sababu hiyo usichemshe mfupa. Wengi hufanya hivyo kwa haraka. Maji yanayotokota huzigeuza zile nyuzi kuwa gundi, na mafuta huzama ndani zaidi. Baada ya miezi mfupa huwa wa manjano na kutoa harufu. Wala usitie maji ya Javel. Mfupa utakuwa mweupe siku ya kwanza, lakini dawa ile huendelea kuula, na baada ya muda utaanza kumomonyoka kama unga.

Njia iliyo nyepesi ni maji na subira. Tia mifupa katika ndoo ya maji, ifunike, iweke mbali na nyumba, mbali na kisima, mahali penye joto. Vijidudu visivyoonekana kwa macho vitakula nyama iliyobaki. Kila siku chache mwaga nusu ya maji, ongeza mapya. Harufu itakuwa mbaya, wala usishangae. Katika nchi ya joto wiki chache hutosha. Unapomwaga maji, pitisha katika kichujio, maana meno madogo na mifupa ya vidole hupotea hapo.

Njia ya pili ni udongo. Funga mifupa katika wavu wa chuma ili mbwa na fisi wasiichukue, uifukie katika mchanga miezi kadhaa. Itatoka safi, lakini rangi yake itakuwa ya udongo.

Njia ya tatu ni wadudu. Yupo mdudu mdogo mweusi ambaye hula ngozi kavu na samaki mkavu katika ghala. Watoto wake wana manyoya. Wauza samaki wanamchukia. Lakini katika nyumba za makumbusho hufugwa kama mifugo! Mmarekani Charles Dean Bunker, wa chuo kikuu cha Kansas, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kazi hiyo, na mwaka wa 1933 E. Raymond Hall na Ward C. Russell wa California walieleza njia hiyo katika gazeti la wataalamu. Wadudu hao hula nyama hadi kwenye matundu madogo ya pua, na mfupa hauharibiki. Ila hufugwa katika chumba cha peke yake. Wakitoroka, hula ngozi na ndege wote waliokaushwa katika nyumba.

Nyama ikiisha, bado yako mafuta. Loweka mifupa katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, ubadilishe maji kila yanapochafuka. Mifupa ya nguruwe huweza kukaa hivyo wiki nyingi. Mwisho, ukitaka weupe, tumia maji ya oksijeni ya duka la dawa, yenye nguvu ya asilimia 3. Suuza vizuri, anika kivulini. Jua kali hupasua meno.

Daftari

Mfupa ukikauka, chukua wino usiofutika, andika juu yake namba ndogo. Kisha katika daftari, mbele ya namba hiyo, andika siku, mwezi na mwaka ulipouokota. Jina la mahali, na umbali kutoka kijiji au mto ulio karibu. Jina la mnyama kwa lugha ya wenyeji. Na hali uliyoukuta nayo: ulikuwa peke yake? ulikuwa na alama za meno ya fisi au panya? Ukiwa hujui mnyama, waulize wazee na wawindaji, uandike maneno yao kama walivyoyasema. Kumbuka nyayo za kwato mbili ambazo Johnston alizikataa.

Polepole utaanza kuisoma mifupa kama kitabu. Mashimo ya macho yakitazama mbele, mara nyingi mwenyewe alikuwa mwindaji. Yakitazama pembeni, alikuwa mwindwa, aliyehitaji kuona nyuma. Meno makali kama mkasi ni ya mla nyama. Meno mapana yenye mistari ni ya mla majani. Hesabu pingili za shingo ya panya: ni 7. Za twiga pia ni 7. Na zako wewe, msomaji, ni 7. Karibu wanyama wote wanyonyeshao wana hesabu hiyo hiyo.

Usichopaswa kugusa

Kazi hii ina hatari, nasi tutaisema wazi. Okota mifupa iliyokauka zamani, isiyo na nyama wala ngozi. Ukikuta mzoga mpya porini, usiuguse kamwe, hasa kama damu inatoka puani au mdomoni. Huenda ni kimeta. Mwezi wa nne wa mwaka 2025 kimeta kiliua viboko wasiopungua 50 katika mbuga ya Virunga, upande wa kusini wa ziwa Edward. Mbegu za ugonjwa huo huweza kukaa katika udongo miaka mingi sana. Kwa hiyo mahali palipojulikana kuwa na kimeta usiokote hata mfupa mkavu. Tena kuna Ebola, iliyotambuliwa mara ya kwanza mwaka wa 1976, katika Yambuku ya Kongo na katika Sudan. Imeonekana mara kadhaa kwamba watu waliogusa sokwe au swala wa msituni waliokutwa wamekufa waliambukizwa. Habari za mzoga zipelekwe kwa mganga wa mifugo au kwa walinzi wa mbuga. Na hata unaposhika mifupa mikavu, vaa mifuko ya mikono, unawe kwa sabuni, wala usile wakati wa kazi.

Tena kuna sheria. Katika mbuga za taifa hauruhusiwi kuondoa hata mfupa mmoja. Pembe za ndovu, mafuvu ya sokwe na ya bonobo, ngozi na mifupa ya okapi, vyote hivyo vinalindwa na sheria za nchi; pembe za ndovu na mafuvu ya sokwe na ya bonobo hulindwa pia na mapatano ya mataifa yaliyotiwa sahihi Washington mwaka wa 1973 na kuanza kutumika mwaka wa 1975. Na usinunue mfupa kamwe. Ukinunua fuvu moja leo, kesho mtu atakwenda kuua mnyama ili akuletee la pili. Hapo wewe si mkusanyaji tena, umekuwa mwuaji asiyeshika bunduki. Okota kile ambacho mnyama mwenyewe ameacha alipokufa, basi.

Na ukikuta mfupa wa mtu? Usiuondoe. Uache palepale, ukaarifu wakubwa wa mahali. Huyo alikuwa ndugu wa mtu fulani.

Sanduku la shule

Tumeona, basi, kwamba okapi alipata jina lake la kweli kwa mafuvu mawili, na bonobo alijulikana kwa fuvu moja lenye karatasi. Lakini mafuvu na ngozi ya okapi vilikwenda London. Fuvu la bonobo liko Tervuren. Mfupa wa Ishango uko Bruxelles. Mtoto wa Ituri, wa Equateur au wa Kivu akitaka kuona vitu hivyo kwa macho yake, hana budi kupata pasipoti na nauli ya ndege.

Hatuwezi kuvirudisha kwa maneno. Lakini tunaweza kufanya kazi iliyo mbele yetu. Mwalimu anaweza kuwa na sanduku moja la mbao katika darasa lake, lenye fuvu la mbuzi, la mbwa, la panya, la kuku na la popo, kila moja safi, kila moja na namba yake, na daftari kando yake. Gharama yake ni ndoo, sabuni na wino. Watoto wanaojua leo tofauti ya taya la mbuzi na taya la punda hawatadanganywa kesho na kipande cha ngozi. Na pengine mmoja wao, akiinama porini baada ya moto wa nyasi, atashika kitu ambacho hakimo katika vitabu. Siku hiyo ashike pia kalamu, aandike mahali.